Utamu wa Bweni: Kumbukumbu za Shule ya Kimishenari katika Tawasifu za Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za fasihi ya Afrika Mashariki ambazo hazijashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa Kiswahili ni tawasifu, na katika tawasifu hakuna sehemu inayopuuzwa zaidi ya sura zinazohusu maisha ya shule ya bweni. Aghalabu msomaji huzipita sura hizo upesi ili afikie siasa, vizuizi na magereza, ambako anaamini kuwa historia yenyewe imo. Mhakiki naye, anapolazimika kuzitaja, huwa na hukumu tayari. Mtunzi akikumbuka shule ya kikoloni kwa uchungu, anasifiwa kuwa amezinduka. Akiikumbuka kwa furaha, anashukiwa kuwa akili yake ingali mateka. Kwa mintarafu hii, utamu wa kumbukumbu unachukuliwa kuwa dalili ya maradhi badala ya kuwa sehemu ya matini inayostahili kufasiriwa.

Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo ni ya haraka. Yanachunguza namna maisha ya bweni yanavyokumbukwa na watunzi waliolelewa katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria, hususan wale waliopitia Maseno, Ng'iya na Butere, na yanauliza maswali matatu. Je, utamu huo unatoka wapi? Unaficha nini? Na je, lugha ambayo kwayo umeandikwa imeathiri vipi kile kinachoweza kukumbukwa? Kazi zitakazorejelewa zaidi ni Not Yet Uhuru (1967) ya Oginga Odinga, My Footprints on the Sands of Time (2003) ya Bethwell A. Ogot na Days of My Life (2012) ya Grace Ogot. In the House of the Interpreter (2012) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ingawa inahusu Alliance iliyoko Kikuyu, inaingizwa kwa sababu mwalimu mkuu anayetawala kurasa zake ndiye aliyeitawala Maseno kabla ya hapo.

Shule yenyewe na historia yake

Haiwezekani kuijadili kumbukumbu bila kukijua kinachokumbukwa. Reli ilifika ufuoni mwa Ziwa mwaka 1901, katika mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Miaka mitano baadaye, mnamo 1906, wamishenari wa CMS wakiongozwa na J. J. Willis, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda, walianzisha kituo na shule huko Maseno, juu ya kilima kilicho karibu kabisa na mstari wa ikweta, takriban kilomita 25 kutoka mjini. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, wengi wao wana wa machifu, na nia ya waanzilishi ilikuwa kuwafunza dini, kusoma na kazi za mikono.

Ni muhimu kukumbuka kwamba shule haikuwa na umri wa miaka mitatu ilipokumbwa na mgomo. Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno walikataa kazi za mikono wakidai wafundishwe kusoma na kuandika zaidi. Wanahistoria wa elimu wamekuwa wakiutaja mgomo huo kuwa miongoni mwa migomo ya kwanza ya wanafunzi nchini Kenya. Kwa hiyo, yeyote anayedhani kwamba utiifu ulizaliwa pamoja na bweni, na kwamba uasi ulikuja baadaye na wanasiasa, anaisoma historia hiyo kinyumenyume. Wavulana wale hawakukataa shule, bali walikataa shule ndogo kuliko ile waliyoitaka. Tofauti hii ni ufunguo wa mengi yatakayofuata.

Mwaka 1928 aliwasili Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge ambaye alikuwa amepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliongoza Maseno hadi 1940, akahamia Alliance na kuiongoza hadi alipostaafu mwaka 1962. Baada ya hapo hakurudi Uingereza, bali alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, na alifariki nchini Kenya mwaka 1966. Hakuoa. Nidhamu yake, ukali wake na kupenda kwake kandanda vimekuwa visa vinavyosimuliwa na vizazi viwili vya viongozi wa Kenya. Katika fasihi yetu ya kumbukumbu ni vigumu kumpata mwalimu mwingine ambaye amegeuka kuwa mhusika kwa kiwango hicho.

Anwani kama daftari la shule

Njia mojawapo ya kuanza kuzisoma tawasifu hizi ni kuzitazama anwani zake, kwani anwani ni mahali ambapo mtunzi mzee anachagua neno moja la kuyabebea maisha yake yote. Ogot alichukua anwani yake kutoka katika shairi la Longfellow wa Marekani lililochapishwa mwaka 1838, shairi la mawaidha la aina iliyopendwa sana katika madarasa ya Kiingereza. Ngũgĩ aliichukua yake kutoka katika safari ya msafiri wa John Bunyan (1678), ambamo nyumba ya Mfasiri ni kituo ambapo msafiri anaonyeshwa mambo kwa mifano kabla ya kuendelea na njia. Anwani ya Grace Ogot nayo inasikika kama mwangwi wa Zaburi ya 23. Tunaweza kusema, basi, kwamba watunzi watatu, walipofika uzeeni na kutafuta maneno ya kuyaita maisha yao, waliyatoa katika rafu ileile: kitabu cha mashairi ya shule, Bunyan na Biblia.

Mhakiki mwenye haraka angeona hapa ushahidi wa utumwa wa kiakili. Lakini hebu tulinganishe na hali ya huko Uingereza kwenyewe. George Orwell alipoandika juu ya St Cyprian's, shule ndogo ya bweni huko Eastbourne aliyopelekwa mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka minane, naye pia aliitoa anwani yake katika shairi, yaani shairi la William Blake kuhusu furaha za watoto wachezao uwanjani. Tofauti ni kwamba Orwell aliigeuza anwani hiyo kuwa kejeli. Insha yake, iliyochapishwa mwaka 1952 baada ya kufa kwake, ni orodha ya fedheha, baridi na woga. Hivyo kuazima maneno ya shule si lazima kuwe ni kuisifu shule. Linalopaswa kuulizwa ni kile ambacho neno lililoazimwa linafanyishwa.

Kwa kigezo hicho, anwani ya Odinga ndiyo yenye kushtua zaidi. Imeundwa kwa Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, na neno lenye uzito, uhuru, ndilo la Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Odinga kujiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais na kuunda chama cha upinzani cha KPU. Ruth First wa Afrika Kusini alisaidia kukiandaa, na dibaji yake iliandikwa na Kwame Nkrumah. Katika mazingira hayo, kumbukumbu ya shule haikuwa burudani ya mzee aliyestaafu. Ilikuwa hoja. Odinga anamtaja Carey Francis kwa heshima katika kitabu ambacho lengo lake ni kuonyesha kwamba ahadi ya uhuru haijatimizwa. Mwalimu wa kigeni aliyetenda haki, hata kwa kiasi, anakuwa kipimo cha kuwapimia watawala wa nyumbani wasioitenda. Utamu wa kumbukumbu hapa una makali.

Mapenzi na ugomvi katika simulizi la Odinga

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Odinga anaikumbuka shule kwa utamu mtupu. Mwana huyu wa Sakwa alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akarudi kufundisha Maseno, na akaongoza Shule ya Mifugo hapohapo. Alibatizwa kwa majina ya Obadiah na Adonijah, akayatupa. Ulipofika wakati wa kuwabatiza watoto wake alishikilia wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, na akaingia katika mvutano na kanisa lililokuwa limemlea. Hatimaye aliacha ualimu, na mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation ikaanza shughuli zake, ushirika uliotaka kuonyesha kwamba Mwafrika wa Nyanza anaweza kuendesha biashara yake mwenyewe.

Kisimulizi, visa hivi vina umbo moja. Katika kila kisa msimulizi anakubali kitu kutoka shuleni na kukataa kingine. Anakubali elimu, anakataa jina. Anakubali utaratibu wa kazi, anakataa mshahara wa mtumishi. Umbo hili ndilo lililokuwa katika mgomo wa 1908, kwani wavulana wale nao walikubali kitabu na kukataa jembe. Yaonekana, basi, kwamba katika mapokeo ya Maseno mapenzi kwa shule na ugomvi na wenye shule havikuwa vitu viwili vinavyopingana. Ugomvi ulikuwa namna ya kuidai shule iwe kile ilichoahidi kuwa. Mhakiki anayesoma furaha peke yake, au hasira peke yake, anakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Siwindhe, simba na bweni

Linabaki swali gumu zaidi: kwa nini Orwell anakumbuka kwa uchungu pale ambapo wengi wa mwambao wa Ziwa wanakumbuka kwa shukrani? Jibu la kawaida ni kwamba Mwafrika alipata faida kubwa zaidi kutokana na shule, kwa hiyo anasamehe zaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Orwell naye alipata faida, kwani alifundishwa hadi akapata nafasi ya kusoma Eton. Tena Cyril Connolly, aliyekuwa naye katika shule ileile na wakati uleule, aliandika juu yake mwaka 1938 kwa upole zaidi. Kumbukumbu haipimwi kwa faida pekee.

Makala haya yanapendekeza kwamba sehemu ya jibu imo katika mpangilio wa boma la Waluo. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya (1989), wameonyesha nafasi ya siwindhe, nyumba ambamo watoto, hasa wasichana, walilala na kufunzwa na mwanamke mzee aitwaye pim. Huko ndiko walikosikia ngano, vitendawili, nasaba na maonyo ya maisha. Mvulana aliyekua alihamia simba, nyumba ya vijana karibu na lango, na jioni alisikiliza mazungumzo ya wanaume katika duol. Kwa maneno mengine, kulala nje ya nyumba ya mama, pamoja na wenzake wa rika, chini ya mlezi asiyekuwa mzazi, hakukuwa jambo geni kwa mtoto wa Kiluo. Ndiyo iliyokuwa njia ya kukua.

Mtoto wa Kiingereza wa tabaka la Orwell aliondolewa katika chumba cha mama akiwa na umri wa miaka minane na kutupwa miongoni mwa wageni. Kwake bweni lilikuwa mkato. Mvulana wa Sakwa au Gem aliyetembea kwenda Maseno alikuwa amekwisha kutoka chini ya paa la mama. Kwake bweni lingeweza kueleweka kama simba iliyopanuliwa, yenye rika kubwa zaidi na lango la mbali zaidi. Isitoshe, Cohen na Atieno Odhiambo wanasisitiza kwamba pim mara nyingi alikuwa mtu aliyetoka mbali, asiye wa ukoo wa boma hilo, na kwamba ugeni wake ndio uliomwezesha kuwapa watoto maarifa ya ulimwengu mpana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu mseja aliyetoka Cambridge na kuishi na watoto wa watu usiku na mchana hakuwa kiumbe asiye na mfano katika fikra za wale aliowafunza.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo yenye maana zaidi. Pim aliishi kwa hisani ya boma alilolihudumia. Aliwalea watoto ili warudi katika jamii ileile, kwa lugha ileile. Mwalimu mkuu wa shule ya kimishenari hakuishi kwa hisani ya mtu. Nyuma yake kulikuwa na kanisa, na nyuma ya kanisa kulikuwa na serikali ya kikoloni. Alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtoto, jambo ambalo pim hakuwa nalo. Zaidi ya hayo, aliwalea watoto ili waondoke. Hivyo bweni liliazima umbo la siwindhe na kuligeuza lengo lake. Utamu unaokumbukwa ni wa umbo, na hasara inayonyamaziwa ni ya lengo. Hapa ndipo tawasifu hizi zinapohitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu watunzi wenyewe wanaweza kuyasimulia mambo haya mawili kama jambo moja.

Upande wa wasichana: Grace Ogot

Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi ushahidi wake mzito zaidi unapaswa kupatikana kwa mtoto wa kike, kwa kuwa siwindhe ilikuwa yake kwanza. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alisoma Ng'iya na Butere kabla ya kwenda Mengo, Uganda, kusomea uuguzi. Baadaye alifanya kazi BBC huko London, akawa mwandishi, na mwaka 1985 akaingia bungeni akiwakilisha Gem. Kwa msichana wa kizazi chake, bweni lilikuwa mojawapo ya milango michache sana iliyomtoa katika njia ya ndoa ya mapema. Haishangazi kwamba aliyepita mlangoni humo anaukumbuka kwa shukrani.

Lakini Grace Ogot alifanya jambo ambalo wanaume wa Maseno hawakulifanya kwa kiwango hicho. Katika miaka ya 1980 alirudi kuandika kwa Dholuo: Ber Wat na Aloo kod Apul Apul mwaka 1981, kisha Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983. Miaha baadaye ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo kama The Strange Bride (1989). Malighafi ya kazi hizi, yaani visasili vya asili ya kazi na jembe, na ziwa lililokimeza kijiji kilichomnyima mwanamke mzee ukarimu, ni elimu ya siwindhe. Si sadfa kwamba katika Simbi Nyaima anayebeba hukumu ni bibi kizee mgeni. Yeye ni ndugu wa pim. Asenath Bole Odaga, ambaye mwaka 1982 alianzisha kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu, alikuwa akifanya kazi ya aina hiyohiyo, akikusanya na kuchapisha simulizi za mwambao ili zisipotee pamoja na wenye kuzisimulia.

Hapa panajitokeza mgawanyo unaostahili kutafakariwa. Grace Ogot alikumbuka siwindhe kwa Dholuo na akaiandika kama hadithi. Alikumbuka bweni kwa Kiingereza na akaliandika kama maisha yake. Kila malezi yalipewa lugha yake na utanzu wake. Matokeo ni kwamba msomaji wa tawasifu anaweza kudhani kuwa mtunzi alianza kuelimika alipofika Ng'iya, na msomaji wa Miaha anaweza kudhani kuwa mtunzi hakuwahi kutoka kijijini. Ukweli wa maisha yake umo katikati ya vitabu hivyo viwili, mahali ambapo hakuna lugha moja iliyoachiwa kuueleza wote.

Ngũgĩ: tanzu mbili, mwalimu mmoja

Kuhusu athari ya utanzu, mfano bora zaidi unatoka nje ya mwambao. Wahakiki wengi wamemwona Carey Francis nyuma ya walimu wakuu wa Siriana katika riwaya za Ngũgĩ. Katika Weep Not, Child (1964) mwalimu huyo ni mtu wa kuheshimika ambaye hawezi kumwokoa mwanafunzi wake na ukatili wa serikali. Katika Petals of Blood (1977) amekuwa Cambridge Fraudsham, kikaragosi wa dola, na shule inatikiswa na migomo. Katika tawasifu ya 2012 Ngũgĩ anarudi Alliance ya 1955 hadi 1958 kwa sauti nyingine. Mvulana anarudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza na kukuta kijiji chake kimebomolewa kwa amri ya Hali ya Hatari. Shule inakuwa hifadhi, na nje ya lango hatari inamvizia.

Mwandishi ni mmoja na mwalimu ni mmoja, lakini hukumu ni tatu. Haitoshi kusema kwamba Ngũgĩ alilegea uzeeni, kwa sababu msimamo wake kuhusu lugha na ukoloni aliouweka wazi mwaka 1986 katika Decolonising the Mind haukubadilika hadi alipofariki mwaka 2025. Lililobadilika ni utanzu. Riwaya ya 1977 ilimhitaji mwalimu awe ishara ya mfumo. Tawasifu ilimhitaji awe mtu, kwani mtoto aliyelala bwenini hakulindwa na mfumo bali na mtu. Utamu wa kumbukumbu hauifuti hoja ya riwaya. Unaongeza jambo ambalo riwaya ililazimika kuliacha, yaani kwamba mtoto anaweza kupata usalama wa kweli ndani ya taasisi isiyo ya haki. Camara Laye alipochapisha L'Enfant noir mwaka 1953, Mongo Beti alimshutumu kwa kuchora Afrika ya kupendeza mno huku ukoloni ukiendelea. Shutuma hiyo ilikuwa na haki yake katika miaka ile. Lakini uhakiki ukikoma hapo, unamnyima mtoto ushahidi wake kwa sababu tu ushahidi huo haumfai mtu mzima.

Kumbukumbu kama ushahidi

Ni Bethwell Ogot anayetupa, bila kukusudia, mbinu ya kuzisoma kumbukumbu hizi. Mwana huyu wa Gem, aliyezaliwa mwaka 1929 na kupita Ambira, Maseno, Makerere na St Andrews, alijipatia jina kwa kitabu cha historia ya Waluo wa kusini kilichotoka mwaka 1967, ambamo alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia iwapo yatakusanywa kutoka kwa wengi, yakalinganishwa, na ikaulizwa nani anasimulia na kwa manufaa gani. Alifanya hivyo wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa pasipo maandishi hapana historia.

Kanuni hiyohiyo inapaswa kutumika kwa masimulizi ya bweni. Wazee wa ukoo waliomsimulia Ogot historia ya uhamaji walikuwa na sababu ya kuusifu ukoo wao. Vivyo hivyo, waliohitimu Maseno wana sababu ya kuisifu Maseno, kwani sifa ya shule ni sifa yao. Aliyefukuzwa hakuandika tawasifu. Aliyeshindwa kulipa karo hakuandika tawasifu. Mpishi aliyekoroga uji kabla ya kengele ya alfajiri hakuandika, wala mama aliyeuza nafaka ili mtoto apate blanketi. Hivyo utamu wa kumbukumbu si uongo, lakini ni ushahidi wa upande mmoja, upande wa waliofika ng'ambo. Kazi ya mhakiki ni kuupokea na kuutafutia wenzake, kama vile Ogot alivyofanya alipokwenda kutoka ukoo hadi ukoo. Kwa Maseno ya mwanzo tunao angalau ushahidi mmoja pinzani, nao ni mgomo wa 1908, matini isiyo na mtunzi ambayo wavulana waliiandika kwa kukaa kitako.

Suala hili si la kitaaluma tu. Mwishoni mwa 2022 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza nia ya kuondoa malazi ya bweni katika shule za msingi, na mjadala uliofuata ulijaa kumbukumbu. Waliosoma bwenini zamani walisimama kulitetea kwa kusema kwamba ndilo lililowafanya watu. Lakini wavulana 67 walikufa katika moto wa bweni la Kyanguli mwaka 2001, na wengine 21 huko Endarasha mwaka 2024. Kumbukumbu tamu ya mtu mzima inapotumiwa kuamua mahali atakapolala mtoto wa leo, ni lazima ihojiwe: ni bweni lipi linalokumbukwa, lilikuwa na watoto wangapi, na nani alilala humo pamoja nao? Siwindhe ilikuwa na pim. Mwalimu wa zamani, kwa ukali wake wote, aliyajua majina ya watoto wake. Bweni lililofurika watoto na kufungwa kwa nje halina haki ya kujikinga kwa sifa za siwindhe wala za Maseno ya 1930.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utamu wa kumbukumbu za bweni katika tawasifu za mwambao wa Ziwa Victoria una asili tatu: ahadi ya elimu ambayo wanafunzi wenyewe waliidai tangu 1908, umbo la malezi ya rika ambalo jamii ililijua kabla ya kuja kwa wamishenari, na hitaji la tawasifu kumfanya mwalimu awe mtu badala ya ishara. Vilevile yameonyesha kwamba utamu huo unaficha mgeuko wa lengo la malezi, unaziacha nje sauti za wasiofika, na umegawanyika kati ya lugha mbili zisizozungumza.

Linalobaki ni suala la lugha ya tatu. Kiswahili kina mapokeo ya tawasifu tangu Maisha Yangu ya Shaaban Robert, na Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, aliyaendeleza katika Nasikia Sauti ya Mama (2014). Anwani hiyo, tofauti na zile zilizojadiliwa hapo juu, haikuazimwa katika rafu ya vitabu vya darasani. Inaisikiliza sauti iliyokuwapo kabla ya kengele. Mwambao wa Ziwa ungali unasubiri tawasifu ya Kiswahili ambamo siwindhe na bweni vitasimuliwa katika kitabu kimoja, na mtoto mmoja atatembea kutoka nyumba hii hadi ile bila kubadilisha lugha njiani. Odinga alifariki mwaka 1994, Grace Ogot mwaka 2015, Bethwell Ogot mwaka 2025. Kilima cha Maseno, ambacho tangu 2001 kina chuo kikuu kamili ubavuni mwa shule ile kongwe, kina wanafunzi wa kutosha wa Kiswahili kwenda kuwauliza wazee waliosalia. Wakichelewa, watakaobaki wa kuuliza ni vitabu, navyo, kama ilivyoonekana, ni ushahidi wa upande mmoja.